Kocha Mzuri, Chuo Kisichomfaa: Uchambuzi wa Kisa cha Uhamisho Mmoja katika Mpira wa Kikapu wa Vyuo Marekani

Kisa hiki ni cha kweli. Majina ya kocha, ya wachezaji wake na ya vyuo alivyofundisha yameondolewa; vyuo tumeviita A, B na C. Takwimu zimeachwa kama zilivyo, kwa kuwa ndizo zinazofundisha. Swali lake linawahusu watu wengi kuliko wanavyodhani. Kila mwaka vijana warefu wa Dar es Salaam, Nairobi, Lubumbashi na Kigali hupokea barua za ufadhili kutoka Marekani, na wengi huitazama sifa ya kocha kabla ya kutazama kitu kingine. Sifa hiyo husomwaje?

Usuli: Chuo A

Kocha alipewa timu yake ya kwanza mwaka 2009, akiwa na miaka 32. Chuo A ni chuo cha umma cha mjini, katika ligi ya ngazi ya kati. (Vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, hucheza katika makundi yaitwayo konferensi, hapa tutayaita ligi.) Alikaa misimu sita, na matokeo yake ya ushindi na vipigo yalikuwa 27–9, 28–12, 29–7, 27–9, 26–9 na 26–10. Jumla ni ushindi 163 na vipigo 56. Hakuna msimu alioshinda chini ya mechi 26.

Jina lake lilijulikana nchi nzima Machi 2011. Mwaka huo mashindano ya taifa, ya mtoano, yanayoanza kila Machi, yaliongezwa timu kutoka 65 hadi 68, zikaanzishwa mechi za awali za kuchuja. Chuo A kilikuwa kimemaliza cha nne katika ligi yake, na wachambuzi wengi walilalamika kwamba hakikustahili hata kuitwa. Kikaanzia kwenye mechi hizo za kuchuja, kikashinda mara tano mfululizo, ya tano ikiwa dhidi ya timu iliyopewa namba 1 katika kanda yake (timu hupewa namba kwa ubora, 1 ikiwa ya juu), kwa 71–61. Kikasimamishwa kwenye nusu fainali ya taifa.

Kuanzia hapo kocha alijulikana kwa presi, yaani kumkaba mpinzani uwanja mzima tangu anapoingiza mpira chini ya kikapu chake mwenyewe. Vyuo vikubwa vilimwita mara kadhaa, naye akakataa. Mwaka 2015 akakubali.

Usuli: Chuo B

Chuo B ni chuo kikubwa cha umma kusini mwa Marekani. Fedha si tatizo, kumbi na vifaa vipo, ila mchezo unaotawala pale ni futiboli ya Kimarekani. Ligi yake ilikuwa miongoni mwa ngumu kuliko zote nchini, timu kumi zikicheza mechi 18 kila moja, nyumbani na ugenini, bila pa kujificha. Kocha aliyeondoka alikuwa amekaa misimu 17, na katika 16 kati ya hiyo timu yake iliitwa kwenye mashindano ya taifa. Aliondolewa kwa sababu miaka yake ya mwisho haikufika mbali ndani ya mashindano hayo.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyopewa. Chuo kinapomwachisha kazi mtu anayefika mashindanoni karibu kila mwaka, kiwango cha mrithi wake kinakuwa kimeshawekwa: kufika hakutoshi tena.

Mfuatano wa matukio

Msimu wa kwanza Chuo B kilimaliza 20–13, na 11–7 ndani ya ligi. Wachezaji muhimu walikuwa wakongwe waliosajiliwa na kocha aliyetangulia. Kwenye mashindano ya taifa walitolewa mechi ya kwanza, 75–72, kwa mpira uliorushwa kutoka katikati ya uwanja kengele ikilia.

Wakongwe wakahitimu, na pointi gadi wao, yaani mchezaji anayeupandisha mpira na kuongoza mashambulizi, akaenda kutafuta kazi ya kulipwa. Msimu wa pili ukawa 11–22, na 4–14 ndani ya ligi, nafasi ya mwisho. Timu haikuwa na pointi gadi wa asili, na mfungaji wake aliyeongoza aliondoka katikati ya msimu.

Wa tatu: 19–15. Mlinzi wake bora (yaani gadi, mchezaji wa nje anayeushika mpira) aliugua ugonjwa mkubwa katikati ya msimu. Timu ilifika mashindanoni, ikaongoza kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, kisha ikafungwa katika muda wa nyongeza, 87–83. Wa nne ulikuwa 21–16, ikakosa mashindano makuu na kuchukua kombe la NIT, ambalo ni la timu zilizoachwa nje. Wa tano, 19–12, ulikatizwa na korona Machi 2020, timu ikiwa kwenye ukingo wa kuitwa au kuachwa.

Wa sita ndio uliokuwa bora: 19–8, nafasi ya tatu katika ligi, na kombe la mtoano la ligi hiyo kwa mara ya kwanza. (Nusu fainali haikuchezwa, mpinzani alijitoa kwa sababu ya korona. Kombe lile lilipatikana kwa mechi mbili.) Timu ikapewa namba 3 katika kanda yake. Ikafungwa na timu ya namba 14, 53–52, kwa mitupo huru miwili iliyotupwa zikiwa zimebaki sekunde 1.2. Chuo B kilipoteza mpira mara 23 siku hiyo.

Siku chache baadaye kocha alihamia Chuo C. Jumla yake pale B ilikuwa ushindi 109 na vipigo 86, na mashindanoni aliingia mara tatu bila kushinda hata mechi moja.

Maamuzi manne na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa chuo, wa kumwajiri. Hoja zilikuwa dhahiri: misimu sita mizuri bila kuteleza, nusu fainali ya taifa akiwa na chuo kidogo, umri mdogo, mtindo unaojaza ukumbi, na heshima mbele ya vijana anaowasajili. Kila hoja kati ya hizo ilikuwa kweli. Kasoro ilikuwa katika namna zilivyojumlishwa, na tutaifikia.

Uamuzi wa pili ni wa kocha mwenyewe: kusajili kwa jina la chuo. Akiwa A hakuweza kumpata senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) wa mita 2.10 anayewindwa na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Akiwa B aliweza, na akafanya hivyo. Misimu mitatu mfululizo, kuanzia wa pili, alikuwa na senta wa mwaka wa kwanza ambaye mwisho wa msimu alichukuliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya. Kwa mkurugenzi wa michezo haya ni mafanikio, na kwa vijana wale yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa timu ilimaanisha kuanza upya kila Oktoba.

Wa tatu ulifuata wa pili karibu bila kutangazwa. Presi iliwekwa kando. Chuo B kilicheza taratibu, kikilinda nusu yake ya uwanja huku senta mrefu akikaa karibu na kikapu kuzuia mitupo. Kwa wachezaji aliokuwa nao, hilo lilikuwa jambo la busara.

Wa nne ni wa chuo tena, wa kumvumilia baada ya 11–22. Wengi waliukosoa. Sisi tunaona ulikuwa sahihi kwa ushahidi wa wakati ule, kwa kuwa msimu mmoja bila pointi gadi haumpimi kocha. Chukua mfano wa UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alicheza huko kuanzia 2006 hadi 2009, na msimu wake wa mwisho timu ilifika nusu fainali ya taifa. Yeye na wakongwe wenzake walipoondoka, kocha yule yule wa UConn alimaliza 18–16 na kukosa mashindano makuu. Mwaka mmoja baadaye, 2011, alikuwa bingwa wa taifa. Msimu mmoja ni kipimo kifupi mno.

Matokeo kwa namba moja

Ukitaka namba moja tu inayoeleza kazi ya Chuo B, acha 109–86. Chukua 51–56, yaani matokeo ya ligi peke yake katika misimu sita. Mechi za nje ya ligi zilimpa 58–30. Vyuo vikubwa hulipa vyuo vidogo vije kufungwa nyumbani kwao Novemba na Desemba, bila mechi ya marudiano. Ushindi huo huingia kwenye jumla kama ushindi mwingine wowote, ingawa umenunuliwa. Mpinzani wa ligi yeye humchagui, unakutana naye nyumbani na kwake, na amekusoma tangu mwaka jana.

Asilimia za ligi zinasema hivi: Chuo A alishinda 74 kati ya 104, sawa na asilimia 71. Chuo B, asilimia 48. Tofauti hiyo ndiyo kisa chenyewe.

Uchambuzi: rekodi ya Chuo A ilikuwa inaficha nini

Tuanze na jambo lililokuwa wazi kwenye karatasi mwaka 2015 na likapitwa. Katika misimu sita pale A, kocha huyu hakuwahi kumaliza wa kwanza katika ligi. Alimaliza wa pili mara tatu, akachukua makombe mawili ya mtoano wa ligi. Hiyo ni kazi nzuri ya kocha kijana, lakini haikuwa ya kuitawala ligi ya kati. Anayehamia ligi ngumu bila kuwahi kuitawala ile nyepesi hapaswi kutarajiwa kuitawala hiyo mpya.

Kisha Machi 2011 yenyewe. Timu ile inakumbukwa kwa presi, lakini mechi zilizoifikisha nusu fainali zilishindwa zaidi kwa mitupo ya mbali. Dhidi ya ile timu ya namba 1 walifunga mitupo 12 ya pointi tatu kati ya 25. Fanya hesabu: timu inayofunga asilimia 36 ya mitupo hiyo itafunga, kwa wastani, 9 kati ya 25, na ni kawaida kabisa idadi kupanda au kushuka kwa 2 au 3. Mitupo mitatu ya ziada ni pointi 9. Mechi iliisha kwa tofauti ya pointi 10. Mechi ya kabla yake ilishindwa kwa pointi moja, 72–71, katika muda wa nyongeza. Haya hayaondoi heshima ya ushindi ule, ila yanaonyesha kwamba sehemu kubwa yake haikuwa kitu ambacho kocha angekipakia kwenye begi na kuhama nacho.

Wachezaji wa kuanza wa mwaka ule pia walikuwa, wengi wao, wameletwa na kocha aliyemtangulia. Hili lingetosha kumfanya mwajiri atulie na kutazama misimu iliyofuata, ambayo timu ilikuwa ya kwake kweli. Akitazama, angeona kwamba baada ya 2011 rekodi yake mashindanoni ilikuwa ushindi 2 na vipigo 4. Ushindi wake mashindanoni hadi anaondoka A ulikuwa 7, na 5 kati ya hiyo ulipatikana ndani ya wiki mbili za Machi moja.

Kosa hili la kununua Machi moja linarudiwa kila mara. Mwaka 2022 Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey kilichopewa namba 15, kiliifunga Kentucky 85–79 katika muda wa nyongeza, siku ambayo Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16 (mipira inayodunda baada ya mtupo kukosa) upande wa waliofungwa. Saint Peter's wakafika robo fainali ya taifa, jambo ambalo hakuna timu ya namba 15 iliyowahi kulifanya. Kocha wao akahamia chuo cha Seton Hall. Misimu yake mitatu ya kwanza huko ilikuwa 17–16, 25–12 na kombe la NIT, kisha 7–25. Hakuna kilichoonekana katika zile mechi chache za Machi ambacho kingekuwezesha kubashiri mfuatano huo.

Uchambuzi: presi inahitaji nini

Hapa ndipo penye somo kubwa zaidi la kisa hiki, nasi tutakaa hapa kidogo.

Presi ni mashine, na kila mashine ina mahitaji. Kwanza, hupangwa vizuri zaidi baada ya kufunga, kwa sababu mpinzani analazimika kuutoa mpira nyuma ya mstari na walinzi wanapata sekunde mbili au tatu za kujipanga. Timu isiyofunga haina presi. Mpinzani anachukua ribaundi na kukimbia. Pili, inahitaji walinzi wawili au watatu wenye miguu ya haraka, wanaojua lini kumwacha mtu wao ili wamfungie mwenye mpira kwenye kona wakiwa wawili. Kujua huko hakufundishwi kwa miezi miwili. Kijana hukosea msimu mzima wa kwanza, na kila kosa ni kikapu cha bure upande wa pili. Tatu, inakula pumzi: wachezaji tisa au kumi lazima wacheze, na wa kumi lazima awe mtu wa kuaminika.

Chuo A kilikuwa navyo vyote. Vijana wake hawakuwa wakiwindwa na NBA, kwa hiyo walikaa miaka mitatu au minne. Mlinzi wa mwaka wa tatu alijua anakwenda wapi kabla mpira haujatupwa. Ligi nayo ilisaidia, kwa kuwa timu nyingi za ngazi ya kati zina mtu mmoja tu wa kuupandisha mpira, na akibanwa wawili, hakuna wa pili.

Sasa pima Chuo B kwa mahitaji hayo hayo. Ufungaji ulikuwa dhaifu, hasa wa mbali, hivyo nafasi za kupanga presi zilikuwa chache. Timu pinzani zilikuwa na walinzi wawili au watatu wanaoweza kuupandisha mpira chini ya presha. Kitovu cha timu alikuwa senta wa mita 2.10, ambaye ukimkimbiza uwanja mzima unapoteza kile ulichomsajili kwa ajili yake. Na wachezaji bora waliondoka baada ya mwaka mmoja, kabla hawajajifunza. Tangu msimu wa 2013–14 waamuzi walikuwa pia wameagizwa kuwa wakali kwa mlinzi anayeweka mikono juu ya mwenye mpira, jambo lililoipunguzia makali kila timu inayoishi kwa kubana.

Kwa hiyo kocha aliyeajiriwa kwa mtindo fulani hakuutumia. Chuo B kilipata mtu mwenye bidii, anayependwa na wachezaji wake, anayefundisha mpira wa taratibu ambao hakuwa na umahiri nao kuliko makocha wengine tisa wa ligi.

Ushahidi kwamba tatizo lilikuwa hili upo ndani ya misimu yake mwenyewe. Msimu wake bora, wa sita, ndio uliokuwa na walinzi watatu waliocheza pamoja kwa miaka, karibu kikosi chote cha mwaka uliotangulia kikiwa kimerudi.

Uchambuzi: bahati, na mahali inapoishia

Baada ya ushindi wa Machi 2013, kocha huyu alitolewa mechi ya kwanza ya mashindano mara tano mfululizo, mbili na Chuo A na tatu na Chuo B. Tofauti za pointi zilikuwa 2, 3, 3, 4 na 1. Jumla ni pointi 13 kwa mechi tano. Tatu kati ya hizo ziliingia muda wa nyongeza.

Mtu wa takwimu atasema ni sarafu iliyoangukia upande mmoja mara tano. Kwa sehemu tunakubali. Mpira wa kutoka katikati ya uwanja haumhukumu kocha. Hata hivyo, mechi mbili kati ya tano zina alama inayofanana. Moja, timu ikiongoza kwa pointi 4 na sekunde zikihesabika, mchezaji wake alimchezea faulo mtupaji wa pointi tatu, mpira ukaingia, na mtupo huru ukasawazisha. Nyingine ni ile ya sekunde 1.2, faulo tena, kwa mchezaji aliyekuwa akifunga chini ya asilimia 60 ya mitupo huru msimu ule. Faulo za dakika ya mwisho hufanyiwa mazoezi: unaongoza kwa nne, mikono juu, mwache atupe. Mechi mbili hazithibitishi tabia, lakini zinatosha kuwa swali la kuulizwa kwenye usaili, na angalau ile ya kwanza ilikuwa imeshatokea kabla ya 2015.

Kilichofanya kazi

Itakuwa dhuluma kuhesabu makosa tu. Vijana walioingia B wakiwa na ndoto ya NBA walifika. Hakuna kashfa. Baada ya 11–22 timu haikuwahi tena kumaliza na vipigo vingi kuliko ushindi. Walinzi wake wa mwisho walikua kweli, mwaka hadi mwaka, na hiyo ndiyo alama ya kocha anayefundisha.

Na kuna Chuo C. Ni chuo binafsi cha kaskazini, katika ligi ambayo mpira wa kikapu ndio mchezo mkuu. Alipofika alimkuta senta kijana anayejua kupasi, akamleta pointi gadi kutoka chuo kidogo, akawaacha wakue. Msimu wa kwanza 19–13. Kabla ya wa pili, makocha wa ligi walikibashiria Chuo C nafasi ya 9 kati ya 11. Kikamaliza cha kwanza, 17–3 katika ligi na 29–7 kwa jumla, kikachukua na kombe la mtoano. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumaliza juu ya ligi, katika msimu wake wa 14 kama kocha mkuu. Msimu wa tatu 27–10, wa nne 23–11. Katika misimu hiyo minne alishinda karibu asilimia 70 ya mechi za ligi, kiwango kile kile cha Chuo A.

Presi ya uwanja mzima haikurudi kama ilivyokuwa. Kilichorudi ni masharti yake: walinzi wa miaka mitatu, benchi refu, mikono inayovuruga pasi, wachezaji wasioondoka. Kocha aliyemtangulia pale B naye alihamia chuo kingine na kukifikisha robo fainali ya taifa, 2024 na tena 2025. Wote wawili wana uwezo. Walihitaji kazi inayofanana nao.

Karatasi ya Aprili 2015

Tujiweke kwenye meza ya mkurugenzi wa michezo, na ushahidi wa siku ile tu.

Rekodi ya ligi iandikwe kwanza, kwa misimu ambayo zaidi ya nusu ya dakika zilichezwa na watu aliowasajili yeye. Mechi za Machi ziwekwe ukurasa wa nyuma. Halafu pima timu zake kwa mashambulizi, yaani kwa kila zamu ya kushika mpira, si kwa mechi, kwa sababu timu inayokimbia hufunga na kufungwa nyingi. Idadi ya mashambulizi hukadiriwa hivi: mitupo ya uwanjani, toa ribaundi za mashambulizi (zinazochukuliwa kwenye kikapu cha mpinzani), jumlisha mipira iliyopotezwa, jumlisha mitupo huru mara 0.475. Gawanya pointi kwa idadi hiyo, zidisha kwa 100. Fanya hivyo kwa pande zote mbili. Kisha tafuta tofauti inatoka wapi kati ya vitu vinne: ubora wa mitupo (ambapo kikapu cha pointi tatu huhesabiwa kimoja na nusu), mipira inayopotezwa, ribaundi za mashambulizi, na safari za mstari wa mitupo huru. Kwa kocha huyu jibu lilitegemea mno cha pili, mipira aliyowapora wapinzani. Faida iliyolala upande mmoja hivyo ni ya kuogopwa unapompeleka mtu kwenye ligi yenye walinzi bora.

Baada ya hapo maswali kwake ana kwa ana. Walinzi wako wa presi watatoka wapi, na watakaa miaka mingapi? Ukimpata senta wa mwaka mmoja utabadilisha mtindo au utamwacha? Msaidizi gani anakuja nawe, na yupi aliyekuwa akiendesha mashambulizi anabaki? Unaongoza kwa nne, zimebaki sekunde tano, unawaambia nini?

Kwa majibu ya kawaida, karatasi hiyo ingeandika makadirio ya ushindi 9 hadi 10 kati ya mechi 18 za ligi, mwaka wa pili mgumu wakongwe wakiondoka, na ubora kuonekana kuanzia mwaka wa nne iwapo tu angesajili walinzi wa kukaa. Mkataba ungeandikwa kwa makadirio hayo.

Kijana anayeshika barua ya ufadhili leo ana swali jingine la kuongeza. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu, na anaruhusiwa kulipwa kwa jina lake. Mwanafunzi wa kigeni aangalie hapo kwanza masharti ya viza yake. Basi aombe orodha ya kikosi cha kocha huyo kwa misimu mitatu iliyopita, aweke alama kwa kila aliyerudi, na ahesabu wangapi wa nafasi yake, senta kwa senta, mlinzi kwa mlinzi, walipata dakika zaidi mwaka wa pili kuliko wa kwanza.